Pini ya Trela ya Merle

Hebu mwone Merle Pascoe anavyofika kwenye mteremko wa kushushia boti, Jumamosi asubuhi, mikono yote miwili kwenye usukani, gari likitambaa kama limebeba mayai. Nyuma inafuata trela, na juu yake ile boti ya alumini ambayo marehemu mumewe, Ossie, hakuwahi kumruhusu aivute hata hatua moja.

Kwenye ukuta mfupi kando ya mteremko wamekaa wazee wa mji na vikombe vyao vya chai. Ndiyo kawaida yao: kumtazama anayerudisha trela nyuma kuelekea majini, kumcheka akipinda, na kutomwambia mtu kosa lake mpaka limpate. Katikati yao yupo Graeme, mdogo wake Ossie, ambaye tangu mazishi anaitaka boti. Merle alikataa kuitoa, mwishowe wakakubaliana mbele ya wote: akiifikisha majini peke yake, ni yake, akishindwa, ya Graeme. Mama huyu hana mtoto. Siku zake nzuri karibu zote alizipitisha ndani ya boti ile.

Basi alijifunza kuivuta. Nyumbani alikaza nati za magurudumu, akajaza upepo, akasogeza nanga na betri mbele ili pua ya trela iwe nzito, isiyumbe barabarani. Akakikalisha kichwa cha trela juu ya mpira wa chuma nyuma ya gari, akabana komeo, akapitisha pini ya kulizuia komeo lisifunguke, akapishanisha minyororo miwili ya usalama chini yake. Akawasha taa, akazunguka kuziangalia. Halafu akarudia kila kitu upya.

"Shemeji, tumezeeka hapa tukikusubiri," Graeme akamtania.

Merle akacheka nao kidogo, akashuka garini, akateremka hadi ukingo wa maji kuangalia utelezi wa mwani. Ndipo Graeme alipoinuka taratibu, akachomoa pini, akalegeza komeo, akarudi kukaa. Mmoja akakohoa. Les, jirani aliyesaidia kubeba jeneza la Ossie, akainamia kikombe chake.

Merle hakukagua tena; alishakagua. Akaingia garini, akarudi nyuma, kanyooka kabisa, mpaka magurudumu yalipovuka ukingo na kichwa cha trela kikaruka. Minyororo ilishika, ndiyo maana boti haikwenda na maji, lakini trela ilijigeuza ikaibamiza kwenye nguzo ya gati. Ubavu ukabonyea. Ukutani walicheka mpaka chai ikamwagika.

"Mikononi mwa Ossie hili lisingetokea," Graeme akasema.

Merle akapiga magoti kwenye saruji iliyolowa, akiitafuta pini, akiwauliza mmoja mmoja kama wameiona. Hakuna aliyeiona.

Jioni Les akabisha hodi kwake. Graeme alikuwa ameshaivuta boti hadi kwake, akamtuma Les aje kuchukua ufunguo wa injini. Les akasimama mlangoni akikwepa macho yake.

"Ile pini anayo Graeme mfukoni," akasema hatimaye. "Ulikuwa mzaha tu, Merle. Usiuchukulie vibaya."

Kisha akanyoosha mkono.

Merle alikuwa ameushika ufunguo. Aliahidi mbele ya watu, na hajawahi kuvunja ahadi. Wewe ungempa?