Turubai la Kuanikia Maharage

Muuzaji wa duka moja Katesh alinikunjulia turubai, nami nikalinusa kabla ya kuuliza bei. Harufu ilikuwa ileile ya turubai ambalo baba alianikia maharage, na ambalo dada yangu alilifunga kwenye kigari chetu tulipokuwa watoto.

Kigari kilikuwa na magurudumu mawili ya baiskeli nyuma na moja la toroli mbele. Dada alisimamisha mti katikati, akalifunga turubai kwa kamba za katani ili lishike upepo. Nilimuuliza tutasimamaje.

"Upepo ukichoka," alisema.

Shamba la ngano lilikuwa limeshavunwa, tambarare tupu. Tulianza polepole, kisha mabua yakawa yanalia chini ya magurudumu kama karatasi inayochanwa. Mbele yetu baba alikuwa anavuka shamba. Alikuwa ametoka na ng'ombe kabla hatujaamka, kwa hiyo siku hiyo tulikuwa hatujamwamkia.

Kwetu mtoto hamwamkii mkubwa huku anapita. Anasimama, anasubiri aitikiwe. Dada alivuta kila kamba, lakini kigari hakikupunguza mwendo.

"Shikamoo baba," tulisema pamoja, tukampita.

Tulikuja kusimama mtaroni, turubai limechanika katikati. Hatukukimbia, kwa sababu tulikuwa bado hatujaitikiwa. Baba alitembea shamba lote kwa mwendo wake wa kila siku, akafika, akatuangalia mmoja baada ya mwingine.

"Marahaba," alisema.

Ndipo akaligeukia turubai.