Nilivyoisimamisha Gari ya Mamie

Aibu hii nilijitafutia mwenyewe. Wiki ile askari walipopora mji, hakuna taksi iliyothubutu kufika mtaani kwetu, Annexe. Ghafla akatokea Mamie, binti wa tajiri mmoja wa mtaa wa kitajiri wa Golf, na gari ya spoti nyekundu aliyonunuliwa na baba yake. Nikasimama katikati ya barabara, majirani wakinishangilia, nikamfokea:

"Muzazi gani ananunulia mutoto gari kama hii? Huku bantu banakufa, weye unatembea tu!"

Sikujua kwamba tangu asubuhi alikuwa akipita kwenye risasi kuwapeleka wagonjwa wetu hospitali. Wala hakukasirika.

"Pole, papa. Mutuachie njia, tafazali."

Nikakataa. Kioo cha upande wa pili kikashuka, akachungulia mke wangu mjamzito, jasho likimtiririka.

"Papa Kalenga, toka mu njia! Mutoto wako iko anakuja!"