Tulimhukumu kwa Uchezaji Wake

Mji wetu wa Kindu ulipozingirwa, shule zilifungwa, na mwalimu wetu wa jiografia akabaki bila kazi. Alikuwa jirani yetu, huku mtaani Alunguli. Siku moja aligeuza ramani kuukuu ya darasani na kuchora nyuma yake nchi isiyokuwepo duniani: mto mmoja mkubwa, mikoa ishirini, vivuko vitatu. Kisha akatunga sheria za vita. Kila mchezaji kwa zamu yake alisogeza askari wake hatua tatu, halafu akangoja wenzake. Hapakuwa na dadu wala bahati. Aliyefikisha askari wengi zaidi mahali, mahali hapo pakawa pake.

Tulikuwa wanne, na tulicheza mchana kutwa kwenye baraza yake, maana hatukuwa na pa kwenda. Treni haikuja tena. Mashamba yalikuwa nje ya mji, na huko nje walikuwa wenye bunduki.

Kaka yangu mkubwa alishambulia tu. Zamu yake ikifika alikuwa amekwisha kunyanyua mkono, na nyuma yake hakuacha hata askari mmoja wa kulinda. Mwalimu mwenyewe alikuwa mzito. Aliweza kuitazama ramani mpaka chai ya mchaichai ikapoa, kisha akasogeza askari mmoja hatua moja. Mimi, msichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, nilijifungia pembeni na mikoa yangu miwili. Sikutaka kupoteza hata punje moja ya mahindi, kwani askari wangu walikuwa mahindi.

Wa nne alikuwa fundi cherehani wa mtaani kwetu, baba wa watoto watatu. Askari wake walikuwa vifungo vya mashati. Huyu alipigana kwa mdomo. Alikuwa akiniinamia, akiapa na kuninong'oneza, "Dada, miye na weye tusigombane. Tumumalize kwanza yaya yako," yaani kaka yangu. Nilimwamini, nikaondoa walinzi wangu kwenye kivuko, na zamu ya pili vifungo vyake vimejaa kwangu.

"Papa, si uliapa?" niliwahi kumlalamikia nikikaribia kutoa machozi.

"Niliapa kwenye mchezo," alisema. "Mchezo njo vile iko."

Mwalimu alicheka mpaka akajifuta macho. Alimpenda sana fundi yule. Kaka yangu hakucheka. Alisema, "Huyu muntu anadanganyaka hivi kwenye karatasi. Kwenye maisha itakuwa namna gani?"

Neno hilo lilibaki nami.

Njaa ilipozidi, tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, kisha bila chumvi, kisha sombe yenyewe ikawa ya kutafutwa. Mwalimu alikuwa na shamba la muhogo kwenye barabara ya Kampene. Alfajiri moja yeye na fundi walipatana kwenda pamoja, wachimbe haraka, wagawane nusu kwa nusu. Kaka yangu, bingwa wa kushambulia, aliombwa aende nao. Akasema mguu unamuuma.

Mchana fundi alirudi peke yake. Alikuwa na kapu la muhogo kichwani na shati limechanika. Alilipeleka kapu lote kwa mke wa Mwalimu, akakaa chini, akasema watu wenye bunduki wamemchukua rafiki yake awabebee mizigo.

"Na weye uliponaje?" kaka yangu alimuuliza mbele ya watu.

"Nilikuwa kwenye majani. Aliwaona kabla miye sijawaona. Akaniambia, lala hapo, usitoke, weye uko na watoto wadogo. Akawaendea. Akawaambia iko peke yake."

Kaka yangu akanigeukia. "Umesikia? Si unajua anavyochezaka?"

Nilijua. Niliitikia kwa kichwa, na nikaongeza langu: nikawasimulia majirani jinsi alivyokuwa akiapa na kugeuka, kivuko baada ya kivuko, kana kwamba natoa ushahidi. Kwamba alitoa muhogo wote na kurudi kwake mikono mitupu, tulisema anajisafisha. Wiki hiyo watu walimnyang'anya vitambaa vyao walivyompa ashone. Wiki iliyofuata vijana waliirushia mawe nyumba yake na kuivunja cherehani. Akaondoka kwa miguu kuelekea Pangi, yeye, mke na watoto, kwenye barabara ileile ya Kampene tuliyoiogopa sote.

Vita vilipotulia, mwanamke mmoja aliyekuwa amechukuliwa pia kubeba mizigo alirudi Kindu. Alimtafuta mke wa Mwalimu, akamweleza kwamba mumewe alikufa kwa homa porini, na kwamba kabla ya kufa alikuwa akimshukuru Mungu kwamba fundi alitii na kulala kwenye majani. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika sahani, na sikujua niiweke wapi.

Miaka baadaye nilimkumbusha kaka yangu habari hiyo. Siku hizi yeye ni mtu mzima mwenye heshima, na jioni hucheza vita kwenye simu, kwa zamu, na watu asiowajua. Hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Mambo ya vita, dada," alisema. "Kila mutu alikosea."

Mimi ni mwalimu sasa. Mwaka huu nilitumwa Pangi kusimamia mitihani, na nikamwuliza mwenye pikipiki kama anamfahamu fundi mzee aliyetoka Kindu. Alinifikisha mlangoni kwake.

Fundi alinitambua kabla sijasema jina langu. Alinipa benchi ya wateja, akaendelea kushona sare ya shule. Nilisema yote niliyokuja kusema, hata habari ya yule mwanamke. Hakushangaa. Ukweli wa kule shambani yeye aliujua tangu siku ya kwanza.

"Na watoto wako wako wapi, Papa?" niliuliza.

"Wawili wako Bukavu. Mudogo alibakia njiani, siku ya ine ya kutembea. Tulimuzika palepale."

Sikuwa nimejua. Nilianza kuomba msamaha, akainua kiganja.

"Mama, usiniombe kitu sina."

Kisha akaniuliza kama mke wa Mwalimu angali hai. Nikamwambia yuko hai.

"Na yeye? Aliniamini ao alikuwa kama ninyi?"

Hilo nilikuwa nimelificha miaka yote, hata nafsini mwangu. Nikalitoa. Nilimwambia kwamba mama yule hakuacha kumwamini. Siku za mawe alitaka kutoka nje kumtetea, na mimi na kaka yangu ndio tuliomrudisha ndani, tukimwambia majonzi yamemchanganya akili.

Fundi alisimamisha mguu wake kwenye cherehani. Alikata uzi kwa meno, akaikunja sare, akachukua nyingine. Mwanamke mwenye kitambaa begani alikuwa amefika mlangoni akitafuta pa kukaa. Niliinuka, nikamwachia benchi.