Tunda la Mvungunya Ukumbini

Mimi ni mtu wa maonyesho ya sanaa. Nasema mapema, maana kwetu Tarime hilo ni jambo la kuchekwa: mwalimu wa shule ya msingi anapanda basi mpaka Mwanza kwenda kutazama picha asizoweza kununua. Najua kusimama mbele ya picha, najua kurudi nyuma kidogo na kuinamisha kichwa. Nikitoka najiona mtu mwema kuliko nilivyoingia. Siku hizi hilo linanitia aibu.

Ilikuwa ile miaka ya dhahabu, vijana wakikimbilia mashimo ya wachimbaji wadogo upande wa Genkuru kama nzi kwenye maziwa. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alitoka Nyambureti akaacha mahindi ya baba yake yakingoja palizi. Mvua zilipokolea, duara lao, lile shimo walilokuwa wakichimba, likatitia. Wenzake walichimbua mpaka maji yakawashinda, wakaondoka. Mwili haukuonekana.

Kwetu Wajaluo, mtu ambaye mwili wake haukuonekana haachwi hivi hivi. Tunachuma tunda la mvungunya, yago, lile refu na zito linaloning'inia kandokando ya mito. Tunalivisha sanda, tunalilaza, tunalilia, tunalizika. Baada ya hapo mtu amekufa. Kabla ya hapo bado hajafa, na baba mkubwa alikuwa amekataa katakata mwanawe asife. Alisema kijana alitoka shimoni kabla halijatitia, yuko Migori kwa wajomba zake, amekasirika tu, atarudi. Alikuwa amemtengea ng'ombe dume mwekundu wa mahari, na kila asubuhi alimtoa kupe kwa mkono wake mwenyewe. Mama mkubwa hakubishana naye. Alingoja tu mumewe achoke.

Basi akaja msanii kutoka Nairobi, akapitia Sirari na gari limejaa mbao na taa. Aliazima ukumbi wa kanisa pale mjini, akisema anataka kufanya maonyesho juu ya dhahabu na watu wake. Mimi nilijipeleka mwenyewe kumsaidia kutafsiri. Hakuna aliyenituma. Tulipokuwa tunakunywa soda akaniuliza, "Sasa hao wenye walipotea kwa shimo, nyinyi huwa mnawafanyia nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa madaha, kama mtu anayeonja utamu wa kusikilizwa. Nilimweleza habari za yago, za kaka, za baba mkubwa na dume lake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, lakini mimi sikuingia peke yangu.

Siku ya ufunguzi nilifika mapema, nimevaa kitenge changu cha harusi za watu. Nyundo za wanawake wanaoponda mawe zilikuwa zimening'inizwa kwa nyuzi. Ukutani zilipangwa picha za mikono yenye vumbi, na sakafuni kulimwagwa marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu yake. Katikati, juu ya meza, chini ya taa ya peke yake, palikuwa na sanduku la mbao. Ndani yake limelazwa tunda la mvungunya, limefunikwa shuka jeupe. Moyo ulinipasuka. Papo hapo nikawaza: hii ndiyo kazi bora kuliko zote humu. Nikarudi nyuma kidogo, nikainamisha kichwa.

Mgeni rasmi akasimama akasema sanaa ni kioo cha jamii. Tulipiga makofi. Hilo nimelifundisha mwenyewe darasani miaka nenda rudi, na sijapata kuwauliza watoto kioo chenyewe kimeng'olewa kwenye dirisha la nani.

Wazee wangu niliwaalika mimi. Ukweli ni kwamba nilitaka wanione nimesimama na wageni. Na tena, kwa akili yangu ya vitabu, niliamini kwamba wakiona msiba wao umewekwa chini ya taa watapata faraja. Waliingia mama mkubwa ametangulia, kikapu mkononi, baba mkubwa nyuma yake na koti lake la kanisani. Mama mkubwa alifika mezani akachungulia. Kikapu kikamponyoka.

"Uwi! Nyathina! Uwi yawa!"

Akakimbia kuzunguka ile meza, mikono kichwani, akilia kama wanavyolia wanawake wetu msibani, akiita mwanangu, mwanangu, na kumtaja kwa majina yake yote ya kusifiwa. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho. Simu zikainuliwa. Mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakamfuata.

Baba mkubwa alisubiri makofi yaishe. "Nani amemlaza huyu?"

"Mzee, pole sana," msanii akasema. "Hii ni kazi ya sanaa tu. Si mtu."

"Najua si mtu. Nimeuliza nani amemlaza."

Nilipaswa kusema ni mimi. Badala yake nikatoka mbele nikasema, "Shikamoo, baba mkubwa," kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Hakuitikia.

Mama mkubwa alikuwa amekaa chini kwenye marudio, sauti imemkauka. "Baba watoto," akasema, "ameshalazwa. Aliyelazwa hainuliwi arudi kuishi. Umwache hapa watu wamtazame?"

Msanii akasema kwa upole kwamba sanduku linatakiwa kwenda Mwanza, kwenye ukumbi mwingine. Nikaligeuza hilo kwa Kijaluo, ingawa wote walikuwa wamesikia. Baba mkubwa akafunga kifuniko, akalitia sanduku begani, akatoka nalo. Msanii hakumzuia. Alilia, na nadhani alilia kweli. Meza ilibaki tupu chini ya taa yake, na jioni ile niliwaona watu wawili watatu wakisimama mbele yake, wameinamisha vichwa.

Tulizika Nyambureti, kando ya nyumba ambayo kaka alikuwa ameanza kuijenga. Katekista aliomba huku akitazama miti, ili asionekane ameliombea tunda. Mama mkubwa alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Alisema sasa anaweza kulala. Kwa hiyo siwezi hata kusema kwamba nilifanya ubaya mtupu, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi mimi. Yeye nilimpa kaburi. Mumewe nilimnyang'anya mtoto aliyekuwa Migori, mzima, mwenye hasira, atakayerudi.

Walichinja yule dume mwekundu. Msiba wa mtoto wa kiume hauwezi kwenda bila ng'ombe, na mahari haikuwa na kazi tena. Nilikaa na akina mama jikoni nikijificha nyuma ya moshi, lakini baba mkubwa alinitafuta mwenyewe. Alikuja na sahani, nyama imejaa, akaniwekea mapajani. Tangu nizaliwe ameniita mwanangu.

"Kula, mwalimu," akasema.

Akasimama pale akingoja. Nikala. Ilikuwa nyama laini, ya ng'ombe aliyetunzwa.