Siku Makori Hakusalimia Mtu

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizovaa sare nyeupe, mwanangu, na haikuwa siku ya sifa. Juzi ulikuja hapa Ekerenyo kunionyesha barua yako ya kazi, ukaniuliza uuguzi unataka nini, nami nikakujibu ovyo kwamba unataka viatu vizuri. Ulicheka ukaenda zako. Tangu uondoke sijatulia. Kwa kuwa umerudi, kaa sasa nikupe jibu la kweli, hata kama litakuondolea hamu ya chai.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, muuguzi katika kituo kimoja cha afya upande wa Ogembo. Nilikuwa hodari, nilijijua kuwa hodari, na hapo ndipo ubaya wangu ulipoanzia. Asubuhi benchi zilijaa mpaka watu wakakaa kwenye nyasi, na mimi nilisifika kwa kuwamaliza kabla ya saa saba. Wenzangu waliniita Mashine. Nililifurahia jina hilo, mjinga mimi.

Tulikuwa na desturi yetu pale ambayo hakuna aliyeiandika popote. Akija mtu ambaye akili yake haikukua kama za wenzake, wale tuliowaita "watu wa kichwa", hatukumwacha kwenye foleni. Tulimpitisha mbele ya wote, akapewa dawa zake dirishani, akaenda nyumbani. Tuliona huo ni wema. Jamaa zake walitushukuru, na waliokaa benchi walitushukuru pia, maana hawakupenda kuketi na mtu anayepiga kelele au anayewashikashika. Lakini ukimrukisha mtu foleni namna ile, unamrukisha pia kipimajoto, na mashine ya presha, na kitanda cha kupimia. Anafika dirishani haraka sana, na hakuna aliyemgusa.

Makori alikuwa mmoja wao. Mwanamume mzima wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mabega mapana, aliyewabebea majirani majani ya chai hadi kituo cha kununulia. Maneno aliyoweza kusema yalikuwa machache. Moja alilipenda kuliko yote: "Bwakire", salamu yetu Wakisii ya asubuhi, ila yeye aliitoa asubuhi, mchana na jioni bila kubagua. Alimpa mkono kila mtu kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, na ukimkwepa alirudi. Alimsalimia hata mbuzi wa mlinzi. Dada yake mkubwa, Kemunto, ndiye aliyemtunza tangu mama yao afariki, na ndiye aliyemleta kila mwezi kuchukua dawa za kumtuliza.

Siku hiyo walikuja kabla ya mwezi kuisha. Makori alikuwa ameinama kidogo, akiuuma mkono wake karibu na kidole gumba na kutoa sauti ya chini isiyokatika. Kemunto alinifuata dirishani.

"Sista, Makori hajasalimia mtu leo. Hata mmoja. Na chakula anasukuma tu."

Unajua nilimjibu nini? Nilicheka. "Basi leo tumepumzika," nikasema, na benchi zima likacheka nami.

Kemunto naye alitabasamu, kwa sababu mwenye shida hutabasamu mbele ya mwenye dawa. Akajaribu tena. "Si kawaida yake, sista. Huwa hajiumi hivi." Nikamwambia watu wa kichwa ndivyo walivyo, kuna siku wanachafukwa. Nikamdunga Makori sindano ya kumtuliza. Kisha nikaandika kwenye daftari lake, kwa mwandiko wangu mzuri: Msumbufu. Kichwa. Apewe sindano. Kazi yote haikufika dakika tano. Macho yake yakawa mazito, sauti ikakatika, na dada yake akamshika kiunoni wakaanza kuteremka polepole kuelekea kwao. Nilimwita mgonjwa aliyefuata. Nilijiona mimi ndiye mimi.

Walirudi kesho kutwa yake. Majirani walikuwa wamemlaza kwenye wilbaro, miguu ikining'inia mbele, na hakutoa sauti yoyote. Msimamizi wetu, mama wa makamo tuliyemwita Sista Moraa, alimhamishia kitandani akamfunua shati. Tumbo lilikuwa limevimba na kukaza kama ubao. Alinishika mkono akauweka pale juu. Nilikuwa nimemhudumia Makori miaka miwili, na ukiacha sindano, hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuugusa mwili wake. Alikuwa akichemka kwa homa.

"Alienda choo lini?" Sista Moraa akamuuliza Kemunto.

"Leo ni siku ya nane," Kemunto akajibu papo hapo. "Mimi ndiye humpeleka. Najua."

Alijua. Alikuwa akijua hata siku ile nilipocheka, ila hakuna aliyemuuliza. Dawa zile zile tulizompa dirishani kila mwezi ndizo zilizoufanya utumbo wake uwe mzito, na jambo hilo nilifundishwa darasani, nikaulizwa kwenye mtihani, nikalipata. Ule mkono aliouuma ndio ulikuwa kilio chake. Sindano yangu ilimnyamazisha, basi.

Tulimpakia kwenye gari akapelekwa hospitali kubwa. Walimpasua siku hiyo hiyo wakakuta utumbo umeziba mpaka ukatoboka. Alifariki kabla hajaamka.

Sista Moraa hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akanipa lile daftari.

"Soma," akasema. Nikasoma. "Soma tena." Nikasoma tena maneno yangu manne.

"Sasa nionyeshe Makori yuko wapi hapo. Kichwa nakiona. Mtu mwenye tumbo, mwenye meno, mwenye moyo, simwoni. Ulimtibu nani?"

Akaniambia niende mazishini kwa miguu yangu, nisitume mtu.

Walimzika Jumapili, kwa kuwa kwa Wasabato kama wao Jumamosi ni ya ibada, kando ya migomba nyuma ya nyumba ya marehemu mama yake. Nilisimama nyuma ya watu nikitumaini sitaonekana. Kemunto akaniona. Aliniita mbele ya wote, akanishika mkono, akasema, "Huyu ndiye sista wetu. Hakuna siku alimwacha Makori kwa laini. Kila mara alitupitisha mbele. Mungu akubariki, sista." Watu wakaitikia amina. Nami, mwanangu, nilipokea. Nilisema asante.

Tangu hapo, kila alipokata ndizi, Kemunto aliniletea mkungu kituoni. Alikuja na bintiye Nyaboke, mtoto aliyezaliwa na hali kama ya mjomba wake. Huyo nilimpima kama ambavyo sikuwahi kumpima Makori. Masikio, meno, tumbo, uzani, na maswali kwa mama yake mpaka foleni ikanung'unika. Jina la Mashine likapotea lenyewe. Ndizi nilizila, ingawa hazikupita vizuri.

Nilinyamaza miaka kumi na saba. Nilipohamishwa kuletwa huku Ekerenyo nilipiga moyo konde nikaenda kwake kumuaga. Nilimkuta akipepeta maharagwe uani. Nilimweleza yote, kicheko, sindano, siku nane, bila kujipunguzia. Hakuacha kupepeta.

"Nilijua, sista," akasema. "Nilijua hata siku ya kuzika."

Nikamuuliza mbona basi alinishukuru mbele ya watu. Na zile ndizi je?

Ndipo akaweka ungo chini. "Kwa vile unaenda, sasa naweza kusema. Wakati ule Nyaboke alikuwa na miaka minne. Kituo ni hicho kimoja. Kama ningekukasirisha, ningempeleka wapi?" Akachagua jiwe kwenye maharagwe akalitupa. "Na si ulimpima vizuri? Ndizi zilifanya kazi."

Nilitaka kumwambia hazikuwa ndizi. Nilitaka kumwambia ni Makori ndiye aliyeniongoza mkono miaka yote hiyo. Lakini angeniamini kwa lipi? Miaka kumi na saba mama yule alipanda mlima na mkungu kichwani ili mtoto wake ashikwe tumbo, jambo ambalo lilikuwa haki yake tangu siku ya kwanza, na mimi nilidhani ananipenda. Nililia pale uani kwake, kwa aibu zaidi kuliko huzuni. Yeye hakulia. Aliniuliza kama nitakunywa uji, kisha akaendelea na maharagwe yake. Mpaka leo sijui kama alinisamehe, na sidhani ana deni la kuniambia.

Basi shika haya, mwanangu, maana ndiyo niliyokukalishia. Watu kama Makori watakuja kwako, na utakuwa na haraka. Kama hawezi kungoja, mwingize mapema, lakini ukae naye zaidi ya ulivyokaa na wengine, kwa kuwa hawezi kukuambia panapouma. Mlaze. Weka mkono wako tumboni. Mtazame kinywani, maana nimewaona wengi wakiitwa wakorofi mwaka mzima kwa sababu ya jino bovu. Kabla hujasema ndivyo alivyo, muulize anayemtunza: akiwa mzima huwa anafanya nini, na leo ameacha nini? Akikujibu, usicheke, andika. Dawa unazompa, zifuatilie zinavyomfanya mwilini. Kazi hiyo ni yako, usimwachie dada yake. Na jamaa zake wakikushukuru, usikimbilie kujipongeza, huenda wanakuogopa tu. Fanya kazi kiasi kwamba mtu kama Kemunto aweze kukugombeza mchana mbele ya benchi zima, halafu arudi kesho na mtoto wake, mikono mitupu, bila wasiwasi.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe mikono yenye joto na masikio yasiyo na haraka, na asikuache upate jina kama lile langu. Mtu akikupa mkono na Bwakire yake saa kumi jioni, mpokee na umwitikie. Na siku asipokupa mkono, Mungu akusimamishe hapo hapo ulipo, uweke kalamu chini, umfunue shati.