Lami ya Chester Pruski

Hapa mjini kwetu Cheektowaga, ukitaka kumjua mtu, chungulia chini ya gari lake. Majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili theluji iyeyuke, na chumvi ikishamalizana na theluji inahamia kwenye vyuma vya watu. Wengi wetu tumeshanyoosha mikono, tunaendesha hivyo hivyo huku milango inamomonyoka. Chester Pruski hakuwa wa kundi hilo. Yeye alikuwa mtu wa lami.

Kila mwaka, siku ya Watakatifu Wote, mzee huyu aliyestaafu kazi ya kinu cha unga alitoka misani, akavua suti, akavaa ovaroli na kuingia mgongo chini, uvunguni mwa gari lake la familia, na brashi na makopo ya lami. Alipaka kila chuma alichokiona, tabaka juu ya tabaka. Majirani walimchokoza.

"Chet, unapika nini huko chini?"

"Napika gari lisilolika! Wewe endelea kulala, kutu haina usingizi."

Ukimwambia gari limezeeka, alikualika ulale chini ujionee mwenyewe. Nililala siku moja. Kulikuwa kweusi, kunang'aa, kuzuri kuliko sebule yangu. "Kinga ni bora kuliko tiba," aliniambia.

Hakuwa anapenda gari tu, tumtendee haki. Leonard, mwanawe pekee, ni mtu mzima mwenye mvi za kwanza, ila tangu azaliwe miguu haijawahi kumtii, na akili yake inakwenda kwa mwendo wake yenyewe. Kiti chake cha magurudumu kina mota na uzito wa ng'ombe. Lile gari lilishushwa sakafu na kufungwa ubao wa kupandishia kiti kwa mchango wa parokia nzima, zamani, wakati parokia ilikuwa bado na watu wa kuchanga. Kwenye theluji kiti hicho hakifiki mbali, na gari la kukodi la walemavu linakuja mchana tu, tena ukiliomba mapema. Na kumbeba Leonard mikononi hakuna anayethubutu: aliwahi kuangushwa, na tangu hapo ukimwinua anapiga mayowe mpaka mtaa mzima unatoka nje.

Sasa Leonard ana kazi moja duniani. Ijumaa za Kwaresima, parokia inapokaanga na kuuza samaki jioni, yeye anakaa mlangoni mwa ukumbi na kugawa namba za foleni. Anamjua kila mtu kwa jina, na jina la mbwa wake. Ukijaribu kuruka foleni atakutangaza. Hata padri anachukua namba. Kwa Leonard mwaka mzima ni kusubiri Ijumaa hizo, na Chester aliishi ili amfikishe.

Mwaka huu, baada ya Krismasi, gari lilianza kugonga nyuma. Kila shimo, ko! Chester akalipeleka kwa Rudy Majka, fundi wa gereji ya kona, ambaye Chester mwenyewe alimsimamia ubatizo. Rudy akakuta springi moja imekatika. Akabadilisha springi zote za nyuma na shokapu zake, kisha akachukua bisibisi na kuielekeza kwenye ekseli, chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma.

"Mjomba, niichokonoe kidogo na ekseli?"

"Uichokonoe nini? Utanitobolea lami yangu, chumvi ipate mlango. Huoni ilivyo nzima?"

Rudy akarudisha bisibisi mfukoni. Hata kwenye ukaguzi wa usalama wa kila mwaka alilipitisha gari lile bila kulichokonoa, kwa kuona aibu kumchafulia mzee kazi yake. Magari ya wengine aliyatoboa kama anatafuta viazi.

Jumanne ya kwanza ya Kwaresima, Chester na Leonard walikuwa wanatoka dukani. Walipovuka reli, kitu kikalia kama mti unaovunjika, na nyuma ya gari ikashuka chini kwa kishindo. Magurudumu yakapanuka huku na huku kama miguu ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Chester aligeuka upesi. Leonard alikuwa mzima, amefungwa mikanda yake, anacheka.

"Baba, gari limekaa chini!"

Gereji, Rudy alilipandisha juu na safari hii hakuomba ruhusa. Alisukuma bisibisi kwenye lami ikazama mpaka kwenye mpini. Akaichomoa, zikafuata punje za kutu, zinamwagika sakafuni.

"Ekseli yenyewe ni tupu ndani, mjomba. Maji ya chumvi huingia, halafu hutokea kwenye vitundu vya chini." Akaonyesha kwa bisibisi. "Vitundu umeviziba. Yaliingia, yakakosa pa kutokea."

Chester akazisukuma zile punje kwa kiatu. "Basi tafuta ekseli nyingine. Ya gari bovu, yoyote."

"Nitaifunga wapi? Hapa kwenye bodi inapofungwa hakuna chuma. Kuna lami yenye umbo la chuma. Nikichomelea, nachomelea hewa." Rudy naye macho yalikuwa yameloa. "Ningechokonoa tangu zamani. Nilikuonea haya."

"Injini je?"

"Injini? Injini itatuzika wote."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilikuwa pale gereji, nikataka kumwambia hivyo Chester, kisha nikamtazama uso. Mtu aliyeua kwa uzembe ana pa kujilaumu. Huyu alikuwa ameua kwa kutunza, na hakujua hata aanzie wapi kutubu.

Gari likarudishwa mgongoni mwa lori na kutuliwa uani kwao, tumbo karibu na theluji. Ijumaa ikafika. Tangu saa nane mchana Leonard alikuwa amevaa kofia na koti, yuko mlangoni, anaita.

Mkewe Chester, Lottie, alikuwa jikoni. "Mwambie mwanao, Chet. Mimi nimeshindwa."

"Nimwambieje?"

"Mwambie limekufa."

Chester alimwambia. Alipiga magoti mbele ya kiti akamweleza taratibu, mara mbili. Leonard alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sawa, baba. Twende sasa, watu watajipanga ovyo."

Jirani mmoja alileta sahani ya samaki kutoka ukumbini, na viazi, na kabichi. Leonard akaisukuma ikamwagika. Samaki wake huliwa kule, baada ya kazi. Akaanza kulia, kilio kile cha mtu mzima ambacho huwezi kukibembeleza kwa pipi, na kulia kwake kukawa kunapanda.

Chester hakuvumilia. Akamtoa nje, akateremsha ubao, akampandisha garini, akafunga mikanda yote kama kawaida. Lottie alitoka barazani na taulo mkononi. "Chet, umerukwa na akili?" Chester aliingia mbele, akawasha injini mwanawe apate joto, na injini ikaitika mara moja, laini, bila kukohoa.

Leonard akanyamaza papo hapo. Akajifuta pua kwa glovu.

"Kanyaga, baba."

Chester alikanyaga mafuta kidogo, gia ikiwa haijaingizwa. Injini ikanguruma. Akashika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele, ukuta wa banda, kamba ya nguo, theluji. Nyuma yake mwanawe alikuwa anajikumbusha majina, moja moja, ya watu wa kwenye foleni. Alipofika mwisho akaanza upya. Vioo vikajaa mvuke, giza likaanza kuingia, na Lottie akawa bado amesimama pale pale barazani.

"Baba," Leonard akasema, "mbona hatufiki?"