Pasi Fupi za Uwanja wa Kilindini

Siku yangu ya kwanza uwanjani nilikabidhiwa reki na ndoo ya chokaa, nikaambiwa nichore mistari. Nilifurahi kupita kiasi, kwa kuwa mpaka jana yake nilikuwa kuli wa bandarini, nikibeba magunia ya magadi yaliyonichubua mabega. Ilikuwa miaka ya arubaini, vita vimepamba moto, na Kilindini imejaa manowari na meli za mizigo.

Mkubwa wangu alikuwa Afisa wa Michezo, Mwingereza, kazi yake kuwachangamsha mabaharia wanaosubiri meli zitengenezwe. Meli moja ya Kimarekani ilikuwa imekaa sana, na watu wake walikuwa na mpira wao, umechongoka huku na huku, unaobebwa na kurushwa kwa mkono. Hawakuwa na wa kucheza nao. Afisa akachagua makuli kumi na mmoja, mimi nikiwemo, kwani pale uwanjani nilikuwa kibarua wa muda tu, akaahidi kwamba timu ikidumu tutaajiriwa uwanjani moja kwa moja. Sote tulijua maana yake: magadi basi.

Aliyetufundisha ni serahangi wa meli ile, msimamizi wa mabaharia. Mchezo wenyewe, kwa ufupi: wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, wakishindwa huwaachia wenzao. Sisi tulikuwa wakondefu, wao mapande ya watu. Tukichelewa kidogo tunafunikwa. Kwa hiyo serahangi alitukataza mipira mirefu. Mimi nilikuwa mrushaji: nikishika, hatua moja nyuma, mpira umeshatoka. Mpokeaji wangu, Mbarak, kijana wa Kibokoni, alikuwa na njia tatu tu. Akimbie kidogo asimame ghafla na kugeuka. Au akate kwa mshazari kuingia kati. Au akate nje kuelekea mstarini. Sikumrushia alipo. Nilirusha anapokwenda, kabla hajageuza uso.

"Mpira ukilala mkononi mwako, umekufa," serahangi alikuwa akituambia kwa Kiingereza chake cha puani.

Mwanzoni niliogopa, nikawa namngoja Mbarak anitazame. Akanikasirikia.

"Weye tupa tu, usiningoje. N'tageuka mimi."

Na aligeuka, kila mara, mpira umefika kifuani. Sijapata kuaminiwa namna ile tena, hata na mke wangu, Mungu amrehemu.

Siku ya mechi walikuja wakubwa wa bandari na wa manowari, wakakaa vitini na mabibi zao. Tulikwenda yadi tatu, yadi nne, kama watu wapandao ngazi. Yale mapande yalipokuwa yakinifikia, mikono yangu ilikuwa mitupu kitambo. Tukawashinda. Serahangi, aliyecheza upande wa pili, alikuja kunikumbatia.

Asubuhi yake Afisa alituita. Nilidhani anatutimizia ahadi.

"Mimi nataka nyinyi chezesha baharia," alisema kwa Kiswahili chake kile, "hapana shinda yeye mbele ya wakubwa. Sasa kwisha. Rudi kwa magunia."

"Tumekosa nini, bwana?" Mbarak alimuuliza kwa adabu. Afisa akachukua kofia yake, akatoka.

Meli ikatengenea, ikaondoka na serahangi na mpira wake. Sisi tulirudi magadini. Baadaye nilipandishwa nyapara, kisha karani wa ghala, nikatumikia wakubwa wengi ambao sina haja ya kuwakumbuka. Mbarak hakubahatika. Mnyororo wa winchi ulimkata vidole vinne vya mkono wa kulia. Aliishia kukunja leso kwa mkono wa kushoto, katika duka la Mhindi mmoja Biashara Street. Nikipita tulisalimiana, tukaulizana hali za watoto. Mpira hatukuutaja.

Nimestaafu zamani. Wazee wenzangu hupenda kuwaambia vijana kwamba kazi huleta heshima, nami sina la namna hiyo la kuwaambia. Kitu pekee nilichokijua vizuri duniani nilikitumia miezi michache, na hakuna anayekihitaji. Wajukuu wangu wanadhani najitungia. Wale tisa wengine wa timu wametangulia mmoja mmoja.

Mbarak naye alipofariki, tulimzika baada ya alasiri. Tuliporudi tukakaa barazani Kibokoni, nikawasimulia waliokuwepo jinsi alivyokuwa akidaka mpira ambao hajauona ukirushwa. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha mpwawe akaniuliza, taratibu:

"Na kuna mwengine aloyaona hayo, mzee?"

"Yuko mmoja," nikamjibu, kabla sijakumbuka kwamba ndiye tuliyetoka kumzika.